Violoni na Waya wa Kinga: Orkestre ya Simfoni ya Kinshasa na Safari Yake Tangu Elisabethville

Wakati tulikuwa tunapanga habari za kuingiza katika kitabu hiki, tuligombana kidogo. Kulikuwa habari ya kasala, ya mbeni, ya ngoma za harusi, ya likembe. Kisha mumoja wetu akasema tuweke pia orkestre ya simfoni ya Wakimbangu ya Kinshasa. Muzee mumoja wa shirika letu akakataa pale pale: "Ile ni mambo ya bazungu. Violo na Beethoven binaingia namna gani mu desturi ya bankambo? Sisi tuko na likembe." Watu wakacheka, na yeye ni mupiga likembe anayejulikana, kwa hiyo hakuna aliyetaka kumubisha. Lakini swali lake lilikuwa swali la kweli, na siku ile hatukupata jibu. Kurasa hizi tumeziandika kwa kumujibu. Tunakubali tangu mwanzo kwamba kwa sehemu moja muzee ana haki, na tutaisema sehemu hiyo tukiifikia.

Kwanza tusikilizane juu ya neno. Hapa kwetu Lubumbashi, ukisema orkestre, mutu anafikiri mara moja gitaa, baa, na watu wanaocheza mpaka asubuhi. African Jazz ya Kabasele ilianza mwaka wa 1953, OK Jazz ya Franco mwaka wa 1956, na tangu hapo neno orkestre limeoana na rumba, hawajaachana. Orkestre tunayoieleza hapa ni ingine. Watu wanakaa kwenye viti, kila mumoja na karatasi yake ya nota mbele ya macho, na mutu mumoja anasimama mbele yao na kafimbo mukononi. Ikiwa ni watu kumi ao ishirini tu, wenye violoni na ndugu zake, ni kusema alto, violonseli na kontrabasi, inaitwa orkestre ya chumba, sababu zamani muziki hiyo ilipigwa ndani ya vyumba vya wakubwa wa Ulaya. Ikiongezewa filimbi, matarumbeta, matromboni na ngoma, na watu wakafika makumi mengi, inakuwa orkestre ya simfoni. Kule Ulaya inakuwa na musimu wake wa konseri: unaanza karibu na mwezi wa tisa, unamalizika mwezi wa sita, na wapenzi wake wanalipa kiti mbele kwa mwaka muzima. Tutaona kwamba Kinshasa mambo yalipangwa kwa namna ingine kabisa.

Muziki ya kusoma kwenye karatasi haikuingia Kongo kwa njia ya konseri. Iliingia na padri, na askari, na kampuni. Kampuni za shaba zilikuwa na fanfari mu makambi yao, na bazee wetu wengi walijifunza kupuliza tarumbeta mbele ya kujifunza kuandika barua. Lakini tusidanganyike kufikiri kwamba mutu aliyepewa tarumbeta alibaki kupiga tu kile alichoamuriwa.

Mufano ni mbeni, ambayo tumeipa habari yake ya pekee katika kitabu hiki. Ilianza upande wa pwani ya Kenya, mwisho wa karne ya 19, wakati vijana wa Lamu na Mombasa waliiga fanfari za Waingereza, na hata jina lake limetoka kwa neno la Kiingereza la fanfari. Askari na wapagazi wa vita ya 1914-1918 waliibeba katika Afrika ya Mashariki yote, na nyuma ya vita ikafika mpaka Elisabethville pamoja na watu waliokuja kutafuta kazi. Ilikuwa na mufalme wake, daktari wake, maofisa wake wenye vyeo kama vya serikali. Wakubwa wa Ubelgiji waliiangalia kwa jicho baya, na hawakukosea sana, sababu chini ya nguo za mchezo kulikuwa chama cha kweli: mutu akigonjwa anasaidiwa, akikufa anazikwa kwa heshima. Watu walikamata umbo la fanfari, wakaweka ndani yake kitu chao. Tunaomba musomaji ashike jambo hilo mukononi, tutarudi kwake.

Upande wa kanisa, Katanga ilikuwa na kwaya zilizojulikana mbali. Hapa Elisabethville, Dom Anschaire Lamoral, padri Mubenedikto, alisimamisha kwaya ya watoto iliyopewa jina la Msalaba wa Shaba, ni kusema ile handa ya zamani iliyotumika kama feza kwa bankambo wetu. Pamoja naye alitumika Joseph Kiwele, mwalimu na mutungaji, ambaye leo wengi wanamukumbuka kwa sababu ya siasa tu: ni yeye aliyetunga wimbo wa taifa wa Katanga ya Tshombe mwaka wa 1960, na alikuwa waziri wa elimu katika serikali ile mpaka alipofariki mwaka wa 1961. Kwetu sisi, kazi yake ya muziki ni kubwa kupita ile ya uwaziri. Alikuwa Mukongomani aliyeshika kalamu ya nota mwenyewe, wakati ambapo wengi waliona kwamba kalamu ile ni ya padri peke yake.

Kule Kamina mambo yalikwenda kwa njia ingine. Padri Guido Haazen, Mufransiskani kutoka Ubelgiji, alikusanya watoto wa shule karibu 45 na walimu karibu 15, akawaita Troubadours du Roi Baudouin. Misa yao, Missa Luba, iliimbwa mara ya kwanza ndani ya misa huko Kamina mwezi wa tatu wa mwaka 1958. Mwaka ule ule walisafiri Ulaya, na sahani ya sauti yao ikazunguka dunia. Maneno yalikuwa ya Kilatini, lakini sauti zilikuwa za nyumbani: za kulilia wafu, za kuagana, za kucheza. Na jambo kubwa ni hili: haikuandikwa kwanza. Waimbaji waliijenga kwa kuimba, kama vile kasala inavyojengwa, mumoja akianzisha na wengine wakimuitikia. Nota ziliandikwa nyuma, kwa kufuata sauti zao. Lakini uangalie jina linalotajwa wakati watu wanauliza Missa Luba ni ya nani. Wanataja padri. Joachim Ngoi, ambaye sauti yake inaongoza, wachache wanamujua, na wale watoto wengine wote wamebaki "watoto wa Kamina". Hatusemi padri aliiba. Tunasema kwamba aliye na karatasi ndiye anayeandikwa, na mwenye sauti anasahauliwa.

Sasa tufike kwa Kimbangu, na hapa Lubumbashi ina sehemu yake ndani ya habari, tena sehemu isiyo ya kujivunia.

Simon Kimbangu, mutu wa Nkamba katika Kongo ya Chini, alianza kazi yake ya kuhubiri na kuponya tarehe 6 mwezi wa ine mwaka 1921. Nyuma ya miezi tano alikamatwa. Tribinali ya kijeshi ilimuhukumu kufa, mufalme wa Ubelgiji akabadilisha hukumu ile kuwa kifungo cha maisha, na wakamutupa mbali na kwao kadiri walivyoweza: Elisabethville. Alikaa hapa kwetu ndani ya gereza miaka 30, mpaka akafa tarehe 12 mwezi wa kumi mwaka 1951. Fikiri kidogo. Miaka ile yote ambapo mbeni ilikuwa inapigwa mu barabara za cité, na kwaya za watoto zilikuwa zinajaribu sauti zao mu kanisa, yeye alikuwa nyuma ya ukuta, mu muji ule ule. Mwaka wa 1960 mabaki yake yalirudishwa Nkamba.

Waumini wake nao walitawanywa. Maelfu yao walihamishwa kwa nguvu, wengine mpaka Lowa kwenye muto Lualaba, wengine mpaka Kasaji hapa Katanga. Serikali ilifikiri inazima moto, kumbe ilikuwa inausambaza. Vitabu havikuwa vingi, na mikutano ilikatazwa. Kilichobaki ni wimbo. Wakimbangu wanaeleza kwamba nyimbo zao hazitungwi, zinapokelewa: mutu anaisikia mu ndoto ao mu sala, anaamuka, anaileta kwa wengine, wanaichunguza, na ikikubaliwa inakuwa ya wote. Kwa hiyo kwao muziki haikuwa pambo la kanisa. Kwa miaka 38 ya kukatazwa, muziki ilikuwa ndiyo nyumba ya kanisa.

Serikali ya kikoloni ilikubali kanisa lao mwisho wa mwaka 1959. Mukubwa wake, Joseph Diangienda, mutoto wa mwisho wa Kimbangu, aliliongoza mpaka kifo chake mwaka wa 1992. Wakati wake muziki ilipewa nafasi kubwa: kwaya, fanfari, na vikundi vya filimbi ambavyo vijana wanapuliza kwa sauti nyingi pamoja na ngoma za kutembea. Mwenye kuona sikukuu yao anajua jambo hilo. Wanatembea kwa mustari, nguo za kijani na nyeupe, na sauti inafika mbele ya watu wenyewe. Kanisa hili, kwa hiyo, lilikuwa na watu mamia waliozoea kufika kwa saa, kukaa chini ya mwongozi, na kurudilia jambo moja mara kumi bila kulipwa. Mutu anayetafuta siri ya orkestre ya Kinshasa, sisi tunamuambia aanze hapo.

Armand Diangienda ni mutoto wa Joseph, na mujukuu wa Kimbangu. Kazi yake ilikuwa kurusha ndege za abiria. Alipoipoteza kazi hiyo, mwanzo wa miaka ya 1990, alibaki nyumbani kama wengi wa wakati ule. Baba yake alikuwa amesema zamani kwamba angependa kanisa liwe na orkestre ya simfoni. Mutoto hakuwa amesoma muziki mu shule yoyote kubwa. Alijifundisha mwenyewe: piano, tromboni, violonseli. Na mwaka wa 1994 akaanza.

Wale waliokuwa wakubwa wakati huo wanajua mwaka wa 1994 ulikuwa nini mu Zaire. Kinshasa ilikuwa imeporwa na askari mara mbili, mwezi wa tisa 1991 na mwezi wa kwanza 1993. Zaire mupya ilikuwa imetoka mwezi wa kumi 1993 na ilikuwa inayeyuka mukononi. Bei ziliongezeka kwa maelfu kwa mia ndani ya mwaka moja. Mushahara wa mwalimu haukununua hata gunia la unga. Mu hali ile, mutu asiye na kazi anaita vijana na kuwaambia: njooni tujifunze violoni. Tungekuwa jirani zake, labda tungesema amepata wazimu.

Walianza karibu watu kumi na mbili wa violoni, na violoni zenyewe hazikutosha hata nusu yao. Kwa hesabu tuliyoieleza juu, ilikuwa bado orkestre ya chumba, na chumba chenyewe kilikuwa cha kuazima. Walifanya kwa zamu. Mumoja anapiga dakika kumi na tano ao ishirini, anamupa mwenzake, anakaa kando na kuangalia vidole vya yule. Tumefikiri sana juu ya zamu ile. Mwalimu wa Ulaya angesema ni umaskini, na ni kweli, ni umaskini. Lakini mutu anayengoja zamu yake anasikiliza namna ingine. Mutoto wa muganga wa ngoma alijifunza vile vile, kwa kukaa kando ya ngoma miaka mingi mbele ya kuruhusiwa kuigusa.

Kisha nyuzi zikaanza kukatika. Uzi wa violoni haukuuzwa mahali popote karibu, na feza ya kuuagiza Ulaya haikuwako. Hapo ndipo walikamata waya wa freni ya kinga. Jambo hili limeelezwa na watu wengi kama kichekesho, lakini fundi anaelewa kwamba lilikuwa na akili. Zamani nyuzi za violoni zilitengenezwa na matumbo ya kondoo. Leo uzi mwembamba kupita yote, ule wa sauti ya juu, ni chuma tupu. Na ndani ya kebo ya freni kuna nini? Nyuzi nyembamba za chuma, zilizosokotwa pamoja. Sauti inakuwa kali kidogo, na mubao wa violoni unateswa, lakini inaimba.

Vyombo vikubwa navyo vilikuwa shida ingine. Kontrabasi ni kubwa kupita mutu, na bei yake inaweza kununua nyumba. Albert Matubanza, aliyekuwa zamani mupiga gitaa, alifungua kontrabasi moja, akaivunja vipande vipande ili aone ndani, akapima kila ubao, halafu akaanza kuchonga zake. Watu wa Ulaya wanasomea kazi hiyo miaka mingi. Yeye aliisoma kwa kuuliza kitu chenyewe. Tena hali ya hewa ya Kinshasa ni adui: joto na unyevu vinalegeza gundi, mbao zinapasuka, na kazi ya kutengeneza haimaliziki. Na karatasi za nota, ambazo simfoni moja inataka makumi na makumi, ziliandikwa upya kwa mukono.

Wapigaji ni nani? Sio watu wa mushahara wa muziki. Kuna fundi wa umeme, kuna mwenye kunyoa vichwa, kuna mwenye kuuza dawa, kuna mama anayeamuka saa kumi ya usiku kwenda sokoni. Wanatumika kutwa, kisha karibu kila jioni wanavuka Kinshasa, kwa miguu ao ndani ya teksi-basi iliyojaa, wanafika kwenye makao ya Diangienda na kukaa na karatasi. Umeme ukikatika, mumoja wao anainuka kutafuta waya mubaya ni upi. Hakuna kiti kilicholipwa mbele kwa mwaka muzima. Musimu wao wa konseri hausimamii tiketi. Unasimama juu ya kanisa lenye sikukuu zake, na juu ya watu wanaofika jioni hata kama konseri bado haijapangwa. Ulaya mutu anajaribu muziki sababu kuna konseri. Kwao, tunaona, konseri inazaliwa sababu watu hawakuacha kujaribu.

Na walichagua kazi gani? Si vipande vidogo vya kuanzia. Walikamata Carmina Burana ya Carl Orff, muziki ya mwaka wa 1937 yenye kwaya ya nguvu, na Simfoni ya 9 ya Beethoven. Musomaji asiyeijua tumueleze kidogo. Beethoven aliipigisha mara ya kwanza Vienna, tarehe 7 mwezi wa tano 1824, wakati alikuwa kiziwi kabisa. Inapita saa moja. Inataka pembe ine, matromboni matatu, filimbi kubwa na ndogo, ngoma, waimbaji wa pekee wane, na mwishoni kwaya nzima inaingia na maneno ya Kijerumani ya mutungaji mashairi Schiller, juu ya furaha na undugu wa watu wote. Sauti za wanawake zinapandishwa juu mpaka mahali ambapo hata kwaya za Ulaya zinalalamika. Sasa fikiri mama mwenye kusema Lingala na Kikongo, anarudia Kijerumani silabi kwa silabi, nyuma ya siku nzima ya soko.

Mwaka wa 2010 filmu ya Wajerumani wawili, Claus Wischmann na Martin Baer, ilionyeshwa Berlin. Jina lake ni Kinshasa Symphony. Ndani yake kuna wakati ambapo, karibu na mwisho wa kipande, umeme unakatika na giza linaingia. Wengine wanaendelea kupiga. Watazamaji wa Ulaya walishangazwa. Sisi wa Kongo tulishangazwa kidogo tu: nani kati yetu hajamaliza sala, ao chakula, ao mutihani, mu giza? Lakini kuna jambo moja giza lile linahakikisha. Karatasi haionekani tena, na muziki inaendelea. Ni kusema ilikuwa imekwisha kutoka kwenye karatasi na kuingia mu mwili, kama vile Missa Luba, ambayo ilitoka mu mwili na kuingia kwenye karatasi. Njia ni moja, mwendo ndio umegeuka.

Nyuma ya filmu, dunia ikagonga mulango. Vyombo vya kweli vilitumwa, walimu walikuja, televisheni ya Amerika ilikuja mwaka wa 2012. Tusisahau hata hivyo kwamba mwaka wa 2010 orkestre ilikuwa na miaka 16. Ilikuwa imepita vita ya 1996, kufukuzwa kwa Mobutu mwaka wa 1997, vita ya 1998. Hakuna kamera iliyowalisha siku zile.

Mwaka wa 2013 Armand Diangienda alipewa heshima ya kuwa memba wa Royal Philharmonic Society ya London. Kwa wengi ni jina tu la Kiingereza, lakini sisi tulipochunguza tulifurahi. Shirika hili lilianzishwa mwaka wa 1813, kwa hiyo mwaka ule lilikuwa linafikisha miaka 200. Na ni lenyewe, mwaka wa 1817, ndilo liliagiza simfoni kwa Beethoven na baadaye likamulipa paundi 50. Simfoni ile ndiyo ikawa ya 9. Wale walioagiza kazi wamempa mukono yule aliyeipigisha mu muji usio na nyuzi za violoni. Mwaka uliofuata, 2014, orkestre ilisafiri Uingereza na kupiga London. Na safari hii waliandikwa wenyewe. Mutu akiuliza orkestre ile ni ya nani, hatajiwi padri wala Mujerumani.

Tumeahidi kusema mahali ambapo muzee wetu ana haki, na ni hapa. Kimbangu mwenyewe, mwaka wa 1921, aliwaambia watu wake waache ngoma za zamani na michezo ya kucheza, pamoja na madawa ya uganga. Wakimbangu wa kweli hawachezi. Kwa hiyo orkestre hii haikuzaliwa mahali ambapo ngoma ya bankambo ilikuwa inapigwa. Ilizaliwa mahali ambapo ngoma ile ilikuwa imenyamazishwa, na safari hii si na Mubelgiji. Violoni ilipata nafasi kubwa sababu kulikuwa nafasi wazi. Hatuwezi kuficha jambo hili ili habari yetu iwe nzuri. Kuna nyimbo za Kongo ya Chini ambazo zilikufa katika miaka ile, na hakuna simfoni itakayozirudisha. Diangienda mwenyewe ametunga kazi kubwa za orkestre, na moja ameiita Mon Identité, utambulisho wangu. Mutu hatungi kazi yenye jina kama lile kama swali la muzee wetu halimusumbui pia.

Lakini haki yake inaishia pale. Maana yeye alisema violoni ni kitu cha wageni, na likembe ni kitu chetu, na hapo tulimuomba atuletee likembe yake. Akaileta, imefungwa ndani ya kitambaa. Ni likembe nzuri, sanduku la mbao nyekundu, vidole nane vya chuma. Tukamuuliza: hivi vidole ulivitoa wapi? Akaangalia chombo, akaangalia sisi. Likembe ya babu yake, akasema, ilikuwa na chuma kilichofuliwa na mufua vyuma wa kijiji. Yake yeye aliitengeneza hapa Lubumbashi, akiwa kijana kambini, na vidole alivipata kwa kupondaponda vyuma vya gurudumu la kinga.

"Kinga ya nani?" mumoja wetu akauliza.

"Ya kizungu," akasema, na akacheka mwenyewe mbele ya sisi kucheka. Kisha akatupigia wimbo moja, akafunga tena kitambaa, na akasema habari ya Wakimbangu tunaweza kuiweka, lakini iwe nyuma ya ile ya likembe. Ndivyo tulivyofanya.